Ganda Lililogoma Kutoka

Aprili 1871, masika yameshika, mzee mmoja mzoefu wa biashara ya bara, Sheikh Thani, aliingia katika mji wa Simbamwene chini ya milima ya Uluguru kuwaombea watu waliofungwa minyororo sokoni. Hawakuwa watu wake. Walikuwa askari wa Mzungu aliyekuwa amepiga kambi kando ya mto Ngerengere, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye alikuwa akimtafuta mmisionari Livingstone. Mpishi wa msafara alikuwa ametoroka baada ya kuchapwa viboko kwa wizi, na askari hao wakarudishwa nyuma kumtafuta. Mtawala wa mji, ambaye alikuwa mwanamke, akawakamata na kuchukua bunduki zao. Kubwa katika hoja zake ilikuwa hongo, yaani ushuru wa kupita: Mzungu amekanyaga nchi yake na hakulipa. Stanley kwa upande wake alishikilia kwamba msafara wake mwingine uliotangulia ulikwisha kulipa, na mtu halipi mlango mmoja mara mbili.

Silaha ya Thani siku ile ilikuwa maneno. Alimwambia mtawala kwamba yule Mzungu ana bunduki mbili zinazotema risasi arobaini bila kupumzika, na risasi hizo hufika mwendo wa nusu saa. Anazo nyingine zinazopasuka na kumrarua mtu. Akipanda mlima ule pale, alisema, atawamaliza wanaume, wanawake na watoto wa mji huu kabla askari wako hata mmoja hajafika kileleni. Kisha akaongeza ya siasa, ambayo pengine ndiyo yaliyouma zaidi: njia ya misafara itafungwa, Sultani wa Unguja atakuja na jeshi, na Wadoe na Wakami watakuja kujilipizia kisasi kwa kitakachosalia. Askari wakafunguliwa.

Habari hii tumeipata kwa kalamu ya Stanley mwenyewe, na kwa chumvi Stanley hakuwa bahili. Hatuwezi kutenganisha maneno ya Thani na mapambo ya mwandishi. Bunduki zenyewe, hata hivyo, zilikuwapo kweli. Tunazijua kwa jina, tunajua zilivyoundwa, na tunajua maradhi yaliyokuwa yamejificha ndani ya kila risasi yake. Maradhi hayo hayakutajwa siku ile pale barazani, na nadhani hakuna aliyekuwapo aliyeyajua.

Kwanza mji wenyewe. Simbamwene ulikuwa mahali ilipo Morogoro ya leo, na mwanzilishi wake alikuwa Kisabengo, Mzigua aliyejikusanyia watu, wengi wao watoro, akawapora majirani hadi akawa bwana wa njia. Jina la mji ni jina la binti yake, aliyerithi kiti. Stanley, ambaye kwa kawaida hakusifu alichokikuta, aliusifu mji huu: kuta za mawe, minara minne kwenye pembe, malango manne ya mbao ngumu zilizochongwa kwa nakshi kama zile za pwani, na watu aliowakisia kuwa baina ya elfu tatu na elfu tano. Kuta zilitobolewa matundu ya kupitishia mitutu. Kwa maneno mengine, Simbamwene ulijengwa na mtu aliyeijua bunduki na kuiheshimu.

Bunduki aliyoijua Kisabengo ilikuwa gumegume. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa na kipande cha risasi, unashindilia kwa mdeki, unatia baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, na jiwe likigonga chuma cheche inaruka. Ni kazi ya nusu dakika kwa mwenye mkono mwepesi. Mvua ikinyesha, kisahani kikilowa, una rungu la chuma mkononi. Lakini gumegume ina sifa moja ambayo watu husahau kuitaja: haiachi ganda ndani. Masizi kando, kila kinachoingia hutoka kwa mdomo uleule, kikiwa moto, moshi au risasi. Hakuna cha kung'oa.

Askari wa Stanley nao walibeba gumegume. Katika orodha ya silaha za msafara aliyoichapisha zimo ishirini na nne. Kwa hiyo bunduki alizozishika mtawala wa Simbamwene zilikuwa za aina aliyokwisha kuwa nayo tele. Zile zilizomtisha zilikuwa hemani kwa Mzungu: Winchester moja, aliyopewa zawadi na Edward Joy Morris, mwakilishi wa Marekani mjini Constantinople, na Henry moja. Stanley aliziita bunduki za risasi kumi na sita. Mbili mara kumi na sita ni thelathini na mbili, kwa hiyo arobaini ya Thani ilikuwa na nyongeza ya dukani. Orodha ina pia karabini mbili za Starr, moja ya Joslyn, bunduki nzito ya tembo, na bastola mbili za silinda, za kupakiwa kwa nyuma.

Henry na Winchester ya 1866 ni mama na binti. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa mlangoni. Winchester akaitengeneza upya miaka sita baadaye, akaweka tundu la kupakilia ubavuni. Zote mbili zilikula risasi moja, kaliba .44 ya Henry, na risasi hiyo ilikuwa ya pindo.

Hapa naomba msomaji avumilie tuingie karakana kidogo.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, baruti ndani yake, kichwa cha madini ya risasi mbele, na fataki ya kuwasha baruti. Katika risasi nyingi za leo fataki ni kifuniko kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya pindo haina kifuniko hicho. Kitako chake kimekunjwa pembeni kama pindo la kanzu, na ndani ya mkunjo huo, kuzunguka kote, kumepakwa dawa inayolipuka kwa kugongwa, ambayo zamani ilitengenezwa kwa zebaki. Kinyundo kinapoliponda pindo dhidi ya ukingo wa chemba, dawa inalipuka na baruti inawaka. Mfaransa Flobert alianza na kidude cha namna hiyo katika miaka ya 1840, cha kulengea shabaha ukumbini. Smith na Wesson wa Marekani wakakikuza mwaka 1857 kuwa risasi ndogo ya kaliba .22, pamoja na bastola yao ya kwanza.

Tatizo limo humo humo katika pindo. Ili kinyundo kiweze kuliponda, bati lake lazima liwe jembamba na laini. Mafundi wa wakati ule walitumia shaba nyekundu, maana inapindika bila kupasuka. Lakini ganda linapaswa kufanya kazi mbili zinazogombana. Baruti inapowaka, ganda linatakiwa kutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba ili moto usirudi usoni mwa mpigaji. Mara tu kichwa kinapotoka, linatakiwa kunywea kidogo ili livutwe nje. Shaba iliyochanganywa na zinki ina uchangamfu huo, inatanuka na kurudi. Shaba nyekundu haina, ikishatanuka imetanuka. Inabaki imeikumbatia chemba, na ukucha wa kung'olea unapolivuta pindo, ambalo tayari limepondwa na kulegea, mara nyingine linachanika na ganda linabaki ndani. Hapo mkono wa bunduki unafunguka na kufungwa bure. Bunduki ya risasi kumi na sita inageuka bunduki ya risasi sifuri, na mwenyewe anatafuta kijiti.

Ongeza masizi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama takataka, na takataka hizo hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi ya mawe. Baada ya milio kadhaa chemba huwa imepakwa utando mweusi unaoanza laini na kukauka kama lami. Ongeza kutu ya kijani inayoota kwenye shaba iliyokaa sandukuni Unguja na Bagamoyo, katika hewa ya bahari. Ongeza mvua. Stanley alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, wakati ambao mzee yeyote wa pwani angemwambia angoje. Alipoiacha Simbamwene aliingia katika tambarare ya Makata, ambayo masika huigeuza kuwa ziwa la matope. Punda walikwama humo, na yeye mwenyewe akaugua tumbo la kuhara. Sanduku la risasi za pindo lililovuka Makata si lile lililotoka kiwandani Connecticut.

Na ni kwa sababu ya ule wembamba wa kitako kwamba risasi hiyo haikuweza kutiwa nguvu. Baruti nyingi ingepasua pindo. Risasi ya .44 ya Henry ilibeba baruti isiyofika gramu mbili. Martini-Henry ya jeshi la Uingereza, ya miaka hiyohiyo, ilibeba mara tatu yake. Kwa hatua mia mbili Winchester ilikuwa silaha ya kuogopwa. Mwendo wa nusu saa ni zaidi ya kilomita mbili. Na kilele cha Lupanga, kinachoitazama Morogoro kutoka juu ya mita 2,100, kiko mbali kiasi kwamba risasi ya Winchester kutoka huko ingeangukia msituni, pengine isimwamshe hata nyani. Mtu wa Simbamwene aliyewahi kupanda Lupanga kutafuta kuni au asali angeweza kumwambia malkia wake hivyo. Ama hakuulizwa, ama alisema na sauti ya Thani ikawa kubwa zaidi.

Sasa bastola. Mwaka 1870, Mmarekani aliyetaka bastola ya kupakiwa kwa nyuma hakuwa na uchaguzi mpana. Rollin White alikuwa amepata hataza mwaka 1855 ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, mbele hadi nyuma, na Smith na Wesson wakainunua haki ya kuitumia. Hadi hataza hiyo ilipokwisha mwaka 1869, kiwanda kingine cha Marekani kilichotaka kutumia silinda kama hiyo kilijitia mahakamani. Smith na Wesson walitengeneza za pindo. Ulaya ilikuwa na bastola za Mfaransa Lefaucheux, ambazo kila risasi yake ilitokeza kipini pembeni kama mwiba wa samaki. Aina zote mbili zilishiriki udhaifu mmoja: kupakia kulikuwa rahisi, kutoa kulikuwa adha.

Chukua ile bastola ndogo ya Smith na Wesson. Ukishapiga saba, unabana kitasa, unaupindua mtutu juu, unaitoa silinda nzima mkononi, kisha unalisukuma kila ganda kwa kijiti cha chuma kilichowekwa chini ya mtutu kwa kazi hiyo hasa. Moja, mbili, tatu, hadi saba. Silinda ikidondoka kwenye majani, umekwisha. Wenye zile za kipini walikuwa na ufito ubavuni, nao wakasukuma moja moja.

Hayo ni pale mambo yakienda sawa. Bunduki yenye chemba moja inakwama kwa ganda moja. Bastola ina chemba sita au saba, na kila ganda lina nafasi yake ya kugoma. Zaidi ya hapo kuna ugonjwa ambao bunduki ya kawaida haiujui. Ganda la pindo linapopigwa, kitako chake chembamba hufura nyuma kama andazi. Likiwa ndani ya silinda, kitako kilichofura kinasugua bamba la chuma lililo nyuma yake, na silinda inakataa kuzunguka. Hapo risasi zilizobaki, nzima kabisa, zimefungiwa ndani na ndugu yao aliyekufa. Smith na Wesson walilijua hilo tangu mwanzo: bastola zao za awali zilikuwa na bamba la nyuma linalozunguka pamoja na silinda, ili kupunguza msuguano huo. Baadaye wakaachana nalo na kutegemea kutengeneza maganda bora.

Dawa kubwa ilikuja mwaka 1870, kwa kampuni hiyohiyo. Bastola yao kubwa, Namba 3, ilivunjika katikati kama bunduki ya ndege. Ukiikunja, nyota ya chuma iliyo katikati ya silinda ilipanda na kuyainua maganda yote sita kwa mpigo mmoja. Jeshi la Urusi likazinunua kwa maelfu, za fataki ya katikati. Dola ya Osmani ilitaka ya pindo. Sababu yake ilikuwa ya mweka hazina: ilikwisha kununua Winchester za 1866 kwa makumi ya maelfu, na ilitaka bastola na bunduki zile risasi ileile. Hivyo fundi aliyekwisha kulitatua tatizo la kutoa akalazimika kulirudisha ganda laini ndani ya mtambo wake mpya. Mwaka 1877, huko Plevna, Winchester za Waosmani ziliwamiminia Warusi moto ambao majeshi ya Ulaya yaliuzungumzia kwa miaka. Kwa hiyo sisemi kwamba silaha za pindo zilikuwa takataka. Zilikuwa kali kwa dakika chache za kwanza.

Dakika za baadaye ndizo zilizowagharimu watu. Juni 1876, kwenye mto Little Bighorn, wapanda farasi wa Marekani walioshindwa na Walakota na Wacheyenne walikuwa na karabini za Springfield zenye maganda ya shaba nyekundu. Hazikuwa za pindo, ila ulaini ulikuwa uleule, na baadhi ya walionusurika walisimulia kuyachokonoa maganda kwa visu. Januari 1885, Abu Klea nchini Sudani, Martini za Waingereza zilikwama mchangani mbele ya wapiganaji wa Mahdi, kwa maganda yaliyosokotwa kwa bati jembamba la shaba. Ugomvi wa ganda na chemba haukuchagua taifa.

Turudi Uluguru. Bastola ya Stanley inaonekana tena katika nchi hii mwaka mmoja baadaye, akirudi pwani na masanduku ya barua na daftari za Livingstone. Ilikuwa Aprili 1872, masika mabaya kuliko yale ya kwanza. Kwenye mto mmoja uliofurika, kijana mbebaji aitwaye Rajabu aliingia majini na sanduku la Livingstone kichwani, akateleza, maji yakamfika shingoni. Stanley alisimama ukingoni, akamlenga bastola na kumwambia akilidondosha atampiga. Rajabu akavuka, sanduku likiwa kavu. Picha ya tukio hilo ilichapishwa na kupendwa sana Ulaya na Marekani, na wasomaji wake wengi, naamini, walimtazama mwenye bastola. Mimi namtazama Rajabu. Kama angezama, risasi isingemfaa mtu yeyote, wala Stanley, wala Livingstone, wala barua.

Masika hayo ndiyo yaliyofanya kile ambacho Thani alidai Winchester ingefanya. Katikati ya Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja minazi na majahazi, na mvua zake zikapanda bara. Stanley alipofika Simbamwene aliukuta ukuta wote wa mbele umesombwa, na nyumba kama hamsini pamoja nao. Mji uliojengwa kuzuia mitutu ulibomolewa na mto. Verney Lovett Cameron alipopita mwaka 1873 alimkuta binti wa Kisabengo bado anatawala, jeuri ya baba anayo, nguvu za baba zimempungukia.

Mwaka 1882 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Morogoro, katika utawala wa Kingo, mtu wa ukoo huohuo. Kufikia hapo biashara ya silaha pwani ilikuwa imebadilika sura. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakitupa bunduki za zamani kila baada ya miaka michache na kununua mpya, na zile zilizotupwa zilipata soko hapa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka. Nyingi zilikuwa za kushindilia. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels ukapiga marufuku kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa za kupakiwa kwa nyuma na kuruhusu gumegume. Wazungu waliotia saini waliita hilo vita dhidi ya utumwa. Matokeo yake ni kwamba mtawala alipata ganda, mtawaliwa akabaki na mdeki.

Bunduki za pindo za kaliba kubwa zilikufa zenyewe kabla ya hapo, na sababu ya kifo chao ilikuwa ya kiuchumi kama ilivyokuwa ya ufundi. Ganda la fataki ya katikati likishapigwa unang'oa fataki, unatia mpya, unajaza baruti, linarudi kazini. Ganda la pindo limepondwa penye roho yake; halijazwi tena. Kwa mtu aliye safarini miezi sita kutoka Bagamoyo, kila mlio ulikuwa hasara isiyorudishika. Gumegume ilikula baruti yoyote, jiwe lolote, hata kokoto badala ya risasi, na mhunzi wa kijijini aliweza kuirekebisha. Ndiyo maana mjukuu wake, gobore, yupo hadi leo katika vijiji vinavyozunguka Uluguru na mbuga ya Mikumi, na polisi hukusanya magobore kila wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha. Winchester ya pindo utaiona makumbusho.

Wajerumani, walipoitawala nchi, nao walileta mkosi wao. Askari wa Schutztruppe, jeshi lao la koloni, walipewa Mauser ya mwaka 1871, kaliba ya milimita 11, baruti nyeusi. Fataki yake ilikuwa katikati na ganda lake imara, lakini mbunifu wake aliishia njiani: bunduki ina ukucha wa kulivuta ganda kutoka chembani, haina kitu cha kulitupa nje. Askari alivuta komeo nyuma, ganda likaja likakaa pale juu, naye akainamisha bunduki ubavu ili lidondoke, au alitoe kwa vidole, moto. Ndivyo Maji Maji ya 1905 ilivyopiganwa upande wa serikali. Mwaka 1914, Vita Kuu ilipoanza, askari wengi walikuwa bado na bunduki hiyohiyo, na wingu la moshi juu ya kila mlio liliwaonyesha Waingereza mahali pa kulenga.

Walichokitamani ni Mauser ya 1898 na risasi zake zisizotoa moshi. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya zuio la Waingereza ikiwa imebeba bidhaa hiyo hasa. Ikashambuliwa na manowari ya Hyacinth na kuzama maji mafupi katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wapiga mbizi wakaitoa shehena. Kisha ikaanza kazi ambayo sidhani kama kuna jeshi lililoifanya kwa subira kubwa zaidi: risasi zilizolowa maji ya bahari zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa na kukaushwa, fataki mbovu zikabadilishwa, vichwa vikarudishwa. Nyingi bado hazikulia. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake bila kujionea huruma, kama mhasibu.

Risasi hizo zilikuja kufika Morogoro. Reli ya Kati ilikuwa imefika mjini tangu 1907, na Von Lettow-Vorbeck akauweka mji kuwa kituo chake kikuu majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoanza kushuka kutoka kaskazini. Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza wakaingia Morogoro na kuukuta mtupu. Wajerumani walikuwa wamezunguka milima na kuvuka kwenda Kisaki, akiba ya risasi ikiwa kwenye vichwa vya wapagazi waliopanda na kushuka mabonde ya Uluguru, wengi wao wamechukuliwa kwa nguvu vijijini. Septemba walipigana Kisaki na Dutumi. Askari aliyelala mtaroni kwenye mvua, kando ya mto Mgeta, alivuta kifyatulio, akasikia mlio mkavu wa pini, akavuta komeo, akatupa risasi iliyokufa baharini zaidi ya mwaka mmoja kabla, akajaribu nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania ilichagua mahali pa kujenga kiwanda chake cha risasi, na ikachagua Morogoro. Kiwanda hicho ni cha Shirika la Mzinga, chini ya Wizara ya Ulinzi. Kipo hadi leo, chini ya milima ileile, na risasi zake ni za fataki ya katikati.